Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: Tunaomba Ruhusa ya Kuhama na Vyombo Vyetu

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Niwie radhi kwanza kwa kukuandikia hadharani. Kwetu mtu mwenye cheo chako huendewa kwake, huamkiwa, na haja husemwa baada ya kujuliana hali. Ningekuwa na uwezo wa kufika ulipo ningefanya hivyo. Nilianza kwa njia ya kawaida, kupitia dawati la huduma kwa wateja, na vijana wako wamenijibu kwa adabu kila mara. Lakini ninachokiomba kiko juu ya madaraka yao, na wao wenyewe wameniambia hivyo. Ndiyo maana nimethubutu kupanda hadi kwako.

Jina la kampuni yako sitalitaja. Sikukusudia kukuaibisha, na ninayoyaomba yanakugusa wewe pamoja na wenzako wengi mnaotengeneza plagini za muziki, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye programu ya kurekodia, na kuziuza dunia nzima.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki, niko Dar es Salaam, upande wa Temeke. Kazi kubwa ya studio yangu ni kwaya za makanisa, kaswida msimu wa Maulidi ukikaribia, na vijana wa singeli wanaotaka biti ikimbie zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Chumba changu kimeezekwa bati na kuta nimezibandika magodoro, kwa hiyo sauti ikirekodiwa humo inatoka kavu. Plagini yako ya mwangwi huichukua sauti hiyo ikaiweka ndani ya ukumbi mpana wa mawe, mpaka watu huniuliza tulirekodia kanisa gani. Mheshimiwa, kwa hilo nakushukuru kwa moyo wangu wote. Niliilipia kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa, fedha halali za jasho langu, na sijutii hata shilingi moja.

Yaliyonipata ni haya. Umeme ulikatika jioni ya mvua, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, na kompyuta yangu ikazima isiwake tena. Fundi wa Kariakoo aliifungua mbele yangu, akanionyesha sehemu ya mazabodi iliyobadilika rangi karibu na tundu la chaji, akasema diski ni nzima lakini mazabodi ndiyo basi tena. Nilishukuru Mungu kwa diski. Projekti zote zilikuwemo, miaka ya kazi, nikazihamishia kwenye eksteno na kutoka hapo kwenye kompyuta mpya. Kisha nikasakinisha plagini yako, nikaingiza jina na paswedi, nayo ikanijibu kwamba idadi ya kompyuta ninayoruhusiwa imekwisha, na kwamba nikitaka nafasi niifungue plagini kwenye kompyuta ya zamani, nibonyeze kitufe cha kuachia leseni.

Kompyuta ya zamani haiwaki, Mheshimiwa. Kitufe cha kuniachia kimo ndani yake.

Nilieleza hali hiyo kwa vijana wako. Waliniomba picha ya skrini kutoka kwenye kompyuta ile ile. Nilipoeleza tena, wakanifahamisha kwamba toleo langu limeshatolewa kwenye orodha ya matoleo yanayohudumiwa, na njia iliyobaki ni kununua toleo jipya. Siwalaumu, wanafuata mwongozo waliopewa. Mwongozo ndio ninaokuja kuuombea marekebisho.

Niruhusu niwaeleze na wasomaji wengine jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Faili ya projekti, iwe ya FL Studio, Cubase au Reaper, haibebi plagini ndani yake. Inabeba noti, inabeba sauti au njia ya kuzifikia sauti hizo, na kwa kila plagini inabeba jina, kitambulisho na mahali kila nobu ilipoachwa. Plagini yenyewe inakaa pembeni kwenye folda ya mfumo. Kwa Windows, zile za mfumo wa VST3 hukaa Program Files, ndani ya Common Files. Na leseni ina makao yake mengine kabisa. Iko kwenye seva yako, imefungwa kwa alama ambayo programu huikokotoa kutokana na vipande vya kompyuta husika, kama vile mazabodi na diski. Kwa hiyo anayehama kompyuta anahamisha vitu vitatu, na kila kimoja kina mwenyewe. Projekti ni zangu, folda ni ya kompyuta, na leseni, ingawa nimeilipia, funguo zake unazo wewe.

Toleo jipya nalo halinisaidii kama inavyodhaniwa. Steinberg, wenye Cubase, ndio waliouanzisha mfumo wa plagini wa VST mwaka 1996, wakaja na VST2 mwaka 1999, kisha VST3 mwaka 2008. Oktoba 2018 waliacha kuwapa watengenezaji wapya zana za VST2, na tangu hapo dunia nzima inahamia VST3. Plagini yako ya zamani ni VST2, na hii mpya ni VST3 peke yake. Kitambulisho chake ni kingine. Mtengenezaji asipoweka ndani yake daraja la kuziunganisha mbili hizo, projekti ya zamani ikifunguliwa inatafuta ile ya kwanza, haiioni, na mipangilio yangu inabaki imefungwa ndani ya faili bila wa kuisoma. Nitakuwa nimelipa mara mbili, na kazi za zamani bado ni bubu.

Nikuonyeshe maana yake kwa mfano mmoja. Kuna kwaya iliyorekodi kwangu albamu kwa michango ya waumini, mia mbili na mia tano zikikusanywa kila Jumapili. Walirudi kuniomba plebeki ya wimbo mmoja kwa ajili ya Pasaka, yaani wimbo ule ule bila sauti ya kiongozi, na ubeti wa tatu urudiwe. Mwalimu wao alikuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi nyuma yangu. Nilifungua projekti. Chaneli zote zilijipanga na rangi zake na majina niliyoyaandika mwenyewe: soprano, alto, teno, besi, gitaa la solo, ridhimu, kinanda. Kisha kikatokea kidirisha chenye orodha ya plagini zisizopatikana, na yako ilikuwemo, imerudiwa karibu kwenye kila chaneli ya sauti.

Niliicheza hivyo hivyo. Sauti zilikuja kavu, kila mtu peke yake. Benchi lilisikika likilia kila alto walipohamisha uzito. Mvua ya siku ile ya kurekodi, ambayo tulikwisha kuisahau, ilisikika juu ya bati kwa sababu plagini iliyokuwa ikiisafisha, nayo ya kampuni yako, haikuwepo. Mwalimu aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka kiitikio, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi ni sauti zetu kweli? Mbona kama tumerekodiwa kwa simu?"

Watakuwapo watakaosema ningetoa stemu, yaani faili za sauti za kila sehemu ya wimbo zikiwa zimekwisha kupita kwenye plagini. Stemu zipo, Mheshimiwa, kila wimbo ninaoumaliza naziweka, na kwenye nyimbo nyingine ndizo zilizoniokoa. Lakini stemu iliyokwisha kutiwa mwangwi haikatwi ovyo. Ukitaka kurudia ubeti, mkia wa sauti wa neno la mwisho unakatika pale ulipokata, au unaingia juu ya neno linalofuata, na kila mwenye masikio atajua pana kiraka. Kazi ya namna ile inataka chaneli zenyewe na plagini zenyewe.

Fundi seremala akihama banda, randa yake anaibeba. Haimuulizi ni banda gani, wala banda la zamani likiungua haimkatalii mkono. Nimeutafuta mfano mwingine wa chombo halali cha kazi, kilicholipiwa chote, kinachomkana mwenyewe kwa sababu mahali alipokuwa akifanyia kazi pameteketea, nao sikuupata.

Na wahamaji sasa ni wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo laptopu nyingi za mitumba kwenye studio zetu hazina. Kwa upande wa Apple, macOS Catalina ya mwaka 2019 iliziacha programu zote za biti 32, na Novemba 2020 zikaja kompyuta za chipu ya M1, watengenezaji wa plagini wakalazimika kuziandaa upya kazi zao ili ziendane nazo moja kwa moja. Hayo hukuyaanzisha wewe, najua. Lakini mtu anayesukumwa ahame na kampuni moja, kisha akafungiwa mlango na nyingine, anabaki nje na kazi za wateja mkononi.

Wapo wenzako walioonyesha kwamba inawezekana. Nawataja kwa nia njema, ukinivumilia. Image-Line wa Ubelgiji, wenye FL Studio, kwa miaka mingi wamewapa wanunuzi wao masasisho ya bure maisha yote, na programu yao inaweza kufunguliwa hata bila intaneti kwa faili ndogo ya usajili unayoibeba kwenye flashi. Reaper inaweza kusakinishwa yote ndani ya eksteno, leseni ikiwa faili tu, ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine ukaendelea na kazi. Ableton wanaruhusu kompyuta mbili, na wana njia ya kuidhinisha kompyuta isiyo na mtandao. Hata Steinberg, ambao kwa miaka mingi walimtaka mteja achomeke kidude cha USB ndipo Cubase ifunguke, walikiacha kuanzia Cubase 12 mwaka 2022, na sasa leseni moja hufungua kompyuta tatu. Hakuna kati ya hao aliyefilisika kwa kumwamini mteja.

Nayo kampuni ya plagini ya Waves, Machi 2023, walitangaza kwamba hawatauza tena leseni za kudumu, ila kukodisha tu kwa mwezi au mwaka. Wateja walilalamika, na ndani ya siku chache wakazirudisha. Nawaheshimu sana kwa hilo. Kusikiliza na kugeuka hadharani si jambo dogo kwa mtu mwenye cheo.

Sheria nayo imeligusa jambo hili, walau huko Ulaya. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba kampuni iliyouza nakala ya programu pamoja na leseni isiyo na mwisho haiwezi kumzuia mnunuzi asiiuze kwa mwingine, mradi aliyeuza afute nakala yake. Kama mtu anaweza kumwachia mwingine kabisa, mimi ninayetaka kujiachia mwenyewe, kutoka kompyuta iliyokufa kwenda inayoishi, naona ninaomba kidogo kuliko hapo.

Ninachokuomba basi, kama itakupendeza, ni kwamba kitufe cha kuachia leseni kiwekwe kwenye ukurasa wa akaunti ya mteja, si ndani ya kompyuta peke yake. Nione pale orodha ya kompyuta zangu, nichague ile iliyokufa, niiondoe. Ukihofia ujanja, weka kiwango, kwa mfano mara moja au mbili kwa mwaka, na atakayezidisha aulizwe na vijana wako. Hilo moja tu lingenitoa kwenye shida niliyomo leo.

Pamoja na hilo, nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa usiyafute matoleo ya zamani. Sikuombi uyahudumie wala uyatengenezee marekebisho. Yaache tu kwenye akaunti ya aliyeyanunua, ayapakue. Kwako ni nafasi ndogo kwenye seva. Kwangu ni nyimbo za watu zinazoweza kufunguka. Na pale unapotoa toleo jipya, waombe wahandisi wako waweke lile daraja la kuitambua plagini ya zamani na kusoma mipangilio yake. Njia hiyo imo ndani ya VST3 yenyewe, na wapo wanaoitumia.

Suala la intaneti sitalirefusha, maana huku kila mtu analijua. Maktaba za ala, zile zenye sampuli za piano na okestra, hufika makumi ya gigabaiti, na nyingine mamia. Kuzipakua upya kwa bando la simu ni kuchoma kodi ya chumba. Ninazo tayari kwenye eksteno, nzima, kama mlivyonipa. Programu yenu ya kusakinisha iniruhusu niionyeshe folda ilipo, iikague, iikubali. Native Instruments wana njia hiyo kwa maktaba zao za Kontakt, na imenifaa sana.

La mwisho ni zito zaidi, na nalisema kwa adabu kwa sababu linahusu siku ambayo hakuna anayependa kuifikiria. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kuacha kuiendeleza SONAR, programu ya kurekodia muziki ya Cakewalk, na wapo wateja waliokuwa wameuziwa masasisho ya maisha mwaka uliotangulia. Ilikuwa bahati yao kwamba BandLab waliinunua Februari 2018 na kuitoa bure. Steinberg nao waliifunga huduma ya vile vidude vya USB tarehe 20 Mei 2025, baada ya kutoa taarifa mapema. Leseni iliyobaki ndani ya kidude inaendelea kufanya kazi pale ilipo, ila haihamishiki tena. Nakuombea kampuni yako maisha marefu kuliko ya wajukuu wetu. Lakini iandikwe mahali, na wateja tuione: siku seva ikizimwa, litatolewa toleo la mwisho lisilo na kufuli kwa kila aliyelipa. Kanda za Radio Tanzania za miaka ya sabini bado zinasikika leo, kwa sababu utepe hauhitaji ruhusa ya aliyeutengeneza. Unahitaji mashine tu ya kuuzungusha. Nyimbo tunazorekodi sasa zinastahili umri huo.

Najua hofu yako, Mheshimiwa, na sitaki kuipuuza. Programu zilizochakachuliwa zipo kila kona ya mji huu, mtu anazipata kwa flashi kwa bei ya chakula cha mchana. Mimi siziungi mkono. Naishi kwa hakimiliki. Nyimbo ninazozitayarisha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nikimwibia mhandisi wako sina uso wa kumlalamikia anayeuiba wimbo wangu. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha vijana wanaojifunza kwangu. Lakini kijana aliyekuwa nami siku ile ya kwaya aliona kila kitu. Kompyuta yake ina programu zilizochakachuliwa tupu. Ikifa, anahama kwa saa moja. Aliniangalia nikiandika barua pepe ya tatu kwa vijana wako, akaniuliza kwa heshima, "Bro, sasa wewe uliyelipa umepata nini cha zaidi?" Nilimjibu nilivyoweza. Ningependa sana jibu hilo nilipate kutoka kwako, maana yeye na wenzake ndio wateja wako wa miaka kumi ijayo, na wanaangalia unavyotutendea sisi tuliotangulia kulipa.

Risiti ya ununuzi ninayo. Barua pepe niliyonunulia ni ile ile ninayoitumia mpaka leo. Picha ya mazabodi iliyoungua, pamoja na namba ya kompyuta ya zamani iliyobandikwa chini yake, nimeziambatisha kwenye ombi langu lililoko kwa vijana wako. Wakikuletea, nakuomba uwaruhusu waniachie nafasi moja na kunirudishia toleo nililolinunua. Mwalimu wa kwaya nimemwomba asubiri kidogo, naye amekubali, Pasaka haijafika.

Niwie radhi kwa urefu wa barua. Nisalimie wahandisi wako, hasa yule aliyeutengeneza ule ukumbi wa mawe. Mwambie Temeke tunamshukuru.

Wako katika kazi,

Mtayarishaji wa muziki,
Temeke, Dar es Salaam